Ile protini inayosemwa inazuia seli za kansa kufa, kumbe kazi yake kubwa ni kupiga X

Shangazi yangu aliumwa kansa ya umio, ile njia ya chakula inayotoka kooni kwenda tumboni. Ilianza na ugali kukwama, ukaja wali, mwisho hata uji akawa anameza kijiko kimoja kimoja huku amefumba macho. Siku moja nimekaa naye, dripu inashuka, akaniuliza, mwanangu wewe si ndo unasomea haya mambo ya seli, hivi hizi za kansa kwa nini hazifi, mbona nyingine zote mwilini zinakufa na kuzaliwa mpya? Nikamwambia, shangazi, kuna protini inazizuia zisife. Akasema haya, akageukia ukutani akalala. Mimi nikabaki na lile jibu langu na mpaka leo linanisumbua, maana ndo jibu utakalolikuta kila mahali na limebeba nusu tu ya ukweli.

Jibu refu ndo hili, na protini ninayoizungumzia inaitwa cIAP1, pamoja na ndugu yake cIAP2.

Seli kufa ni kazi ya kawaida ya mwili, tena ya kila siku. Mtoto akiwa tumboni mkono wake unaanza kama kasia, afu seli za katikati ya vidole zinakufa kwa mpango ndo vidole vinaachana. Kifo hiki cha mpango kinaitwa apoptosisi, jina walilitoa Kerr, Wyllie na Currie mwaka 1972 wakiwa Aberdeen kule Scotland, wakachukua neno la Kigiriki la majani yanavyodondoka mtini. Seli haipasuki hovyo, inasinyaa, inajikatakata vipande vidogo vilivyofungwa vizuri na majirani wanavimeza. Wanaofanya kazi ya kukata ni enzaimu zinaitwa kaspesi, zichukulie ni visu ambavyo kila seli inavyo tayari ila vimelala kwenye ala zake, ikija amri vinachomolewa.

Mwaka 1993 maabara ya Lois Miller, Chuo Kikuu cha Georgia kule Marekani, walikuwa wanachunguza bakulovirusi, virusi vinavyoshambulia viwavi. Seli ya kiwavi ikishagundua imeingiliwa inataka kujiua ili isigeuzwe kiwanda cha kuzalishia virusi, na hivi virusi navyo vimebeba jeni la kuzima huo uamuzi. Protini ya jeni hilo ikaitwa IAP, yaani kizuia apoptosisi. Miaka michache mbele watu wakaanza kupata ndugu zake kwa binadamu, leo tunawahesabu 8, wote wana angalau kipande kimoja kinachofanana kinaitwa BIR, kama asidi amino (vijenzi vya protini) 70 hivi zilizokunjwa kuishikilia chembe ya zinki. Jina la kwenye kiwavi likavalishwa ukoo mzima. Kwa maoni yangu fujo yote ilianzia hapo, maana ukishakiita kitu kizuia kifo, watu wanaacha kuangalia kinafanya nini kingine.

Kwenye ukoo huo yupo mmoja anayelitendea haki jina, anaitwa XIAP. Huyu kweli anakikamata kisu kwa mkono, anaziba mdomo wa kaspesi 3 na kaspesi 7, na kwa BIR yake ya tatu anaishika kaspesi 9 isiamke. Sasa wapo ndugu zake wawili, cIAP1 na cIAP2, na ndo hawa ninaowazungumzia. Kwa miaka kadhaa ilidhaniwa nao wanafanya vilevile, mpaka mwaka 2006 ikaonyeshwa wazi kwamba wanaigusa kaspesi sawa, wanaing'ang'ania sawa, ila hawaizuii kukata. Yaani mtu anaitwa mlinzi, yupo getini, lakini mwizi anapita mbele yake.

Sasa kama hawazuii visu, wanawezaje kuiweka seli ya kansa hai? Jibu liko mkiani kwao. Mwishoni mwa hizi protini kuna kipande kinaitwa RING, na kazi ya hicho kipande ni kubandika ubikwitini kwenye protini nyingine.

Ubikwitini ni protini ndogo sana, asidi amino 76 tu, na wewe unayesoma hapa unayo kwenye kila seli yako. Kazi ya kueleza inavyotumika kuondoa protini iliwapa Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004. Kama ulipita Morogoro Road maeneo ya Kimara mwaka ule wa 2017 barabara inataka kupanuliwa, utakumbuka zile X nyekundu ukutani. Nyumba bado imesimama, watu wanapika chai ndani, lakini kila anayepita anajua hii inabomolewa. Ubikwitini ni hiyo X. Protini ikishabandikwa mnyororo wa ubikwitini, inasombwa kupelekwa kwenye mashine inaitwa proteasomu, ni kama pipa lenye meno ndani, inafunguliwa mikunjo yake inaingizwa humo na kutafunwa vipande vifupi. Ubikwitini yenyewe haitafunwi, inabanduliwa mlangoni inarudi kazini.

Ila sio kila mnyororo wa ubikwitini ni X, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Ubikwitini zinaposhikana zenyewe kwa zenyewe zinaweza kushikania sehemu tofauti. Zikishikania kwenye asidi amino ya 48, hiyo ni X ya kubomoa. Zikishikania kwenye ile ya 63 maana inakuwa nyingine kabisa, inakuwa kama turubai lililofungwa mbele ya nyumba. Ukiona turubai mtaani hujiulizi nyumba itabomolewa lini, unajua hapa kuna shughuli, watu wanakuja na viti na masufuria. Mnyororo wa 63 unaita protini nyingine zije zikusanyike hapo zifanye kazi pamoja. Na cIAP1 anajua kupiga X na anajua kufunga turubai, inategemea yuko wapi na nani yuko pembeni yake. Ukikariri kwamba ubikwitini ni takataka basi hii habari yote itakuchanganya.

Tuanze na turubai. Kuna kemikali ya mwili inaitwa TNF, ilipewa jina mwaka 1975 kule New York kwa sababu ilionekana inaozesha uvimbe kwenye panya, na jina lake ndo linasema hivyo, kiozesha uvimbe. Hili nalo jina la kupotosha, maana ukichukua seli nyingi za kansa ukazimwagia TNF peke yake haziendi kokote, nyingine ndo kwanza zinachangamka. TNF ikigusa kipokezi chake kwenye ngozi ya seli, upande wa ndani zinakimbilia protini kadhaa, mojawapo TRAF2, na TRAF2 ndo anamshika mkono cIAP anakuja naye. Hapo kuna protini nyingine inaitwa RIPK1, hii ikumbuke. cIAP anamfungia RIPK1 turubai, mnyororo wa 63 na ya aina nyingine, na turubai likishasimama wageni wanaanza kumiminika, mwisho zinafika protini zinaitwa IKK ambazo zinaiwekea alama protini inaitwa IkB, afu mpiga X mwingine kabisa anaipiga X na inabomolewa. IkB kazi yake ilikuwa kumfungia mlango NF-kB. Ikishabomolewa NF-kB anaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha majeni ya kuishi, ya mwili kuvimba unapojikinga na ya kuzaliana.

Kwa hiyo ishara ya kuishi imepita kwenye turubai moja na X moja. Bila cIAP, RIPK1 hafungiwi turubai, na RIPK1 asiye na turubai hakai pale kwenye kipokezi, anaondoka anakwenda kuungana na protini inaitwa FADD na kaspesi 8, na hao wakikutana seli inakufa. Kemikali ni ileile na kipokezi ni kilekile, tofauti ni kama aliyefunga turubai alikuwepo au hakuwepo. Mi nikifika hapa kwenye hii hadithi huwa nasimama kidogo. Seli haiokolewi kwa kisu kuzuiwa, inaokolewa kwa sababu mazungumzo yamegeuzwa kabla kisu hakijatajwa.

Sasa upande wa X, na hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kila saa, hata TNF isipokuwepo, cIAP amekaa na TRAF2 na TRAF3, na TRAF3 amemshika protini anaitwa NIK. NIK anatengenezwa kila wakati na kila wakati anapigwa X ya 48, anabomolewa. Kiasi kwamba kwenye seli iliyotulia ukimtafuta NIK unaweza kudhani hayupo. Ikija ishara halali, mfano kwenye seli B za kinga, cIAP anageuka anampiga X TRAF3 badala ya NIK, NIK anakosa anayemshikilia, anajaa. Akijaa anaanzisha kazi moja ya ajabu. Kuna protini inaitwa p100, inapelekwa kwenye proteasomu ila haitafunwi yote. Inakatwa nusu ya nyuma, nusu ya mbele inaachwa nzima na inaitwa p52, nayo inakwenda kwenye kiini kuwasha majeni. Waliopita Kimara walishaziona nyumba za hivi, sebule imekwenda, chumba cha nyuma kimebaki, mwenye nyumba kaziba kwa mabati na maisha yanaendelea. Hapa tofauti ni kwamba nusu iliyobaki ndo inaanza kufanya kazi ambayo nyumba nzima ilikuwa haifanyi.

Ukishaielewa hiyo ndo utaona kwa nini jina kizuia kifo halitoshi. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walikuta kwenye baadhi ya kansa za umio kipande cha kromosomu 11, eneo linaitwa 11q22, kimejirudia nakala nyingi, na jeni la cIAP1 limo humo, na seli zenye nakala hizo zilikuwa sugu kufa. Nilipoisoma hiyo nilimfikiria shangazi moja kwa moja, kwa sababu kansa ya umio ndo imejaa kwetu, kuna ukanda mzima unashuka kutoka Ethiopia, Kenya, Uganda, Tanzania mpaka Malawi. Yake haikupimwa nakala za jeni, wala sidai ilikuwa hivyo. Ila hapo hadithi inakaa vizuri, kizuia kifo kimezidi na kansa imekua.

Afu ikaja 2007. Makundi mawili yaliyokuwa yanachunguza mayeloma, kansa ya seli za plazima zinazokaa kwenye uboho wa mifupa, yakakuta kitu kinyume chake. Baadhi ya wagonjwa seli zao za kansa zilikuwa zimepoteza TRAF3, na wengine zimepoteza jeni la cIAP1 na la cIAP2 yote mawili, yamefutika kabisa. Kwa jina lake, seli iliyopoteza vizuia kifo viwili ingetakiwa ife, lakini hizi zilikuwa zinanawiri. Sababu ni NIK. Hakuna wa kumpiga X, kajaa muda wote, p100 inakatwa muda wote, ishara ya kuishi inawaka bila kuzimwa. Kwenye umio kansa imefaidika kwa cIAP kuzidi na kwenye mayeloma kansa imefaidika kwa cIAP kukosekana. Na ile dawa ya mayeloma inaitwa bortezomib, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2003, inaziba hayo meno ya proteasomu, na wagonjwa ambao TRAF3 yao ilikuwa chini walionekana kuitikia vizuri zaidi.

Ipo na ya tatu, hii inaonyesha namna kansa inavyoweza kuchukua vipande viwili ikatengeneza kitu kipya. Kuna limfoma, yaani kansa ya seli za kinga, ya tumboni inaitwa MALT, nyingi zinaanza baada ya bakteria Helicobacter pylori kukaa tumboni miaka, na jambo zuri ni kwamba ukimuua bakteria kwa antibayotiki mara nyingi limfoma yenyewe inayeyuka. Lakini kuna wagonjwa unawapa antibayotiki, bakteria anakwisha na limfoma haitikisiki. Wengi wao kromosomu 11 na 18 zimebadilishana vipande, na palipoungana pamezaliwa protini yenye kichwa cha cIAP2 na mkia wa protini nyingine inaitwa MALT1. Kichwa cha cIAP2 kimebaki na zile BIR, ila RING, mkono wa kupigia X, umekatika. Na mkia wa MALT1 ni mkasi. Kinachotokea, kichwa kinamvuta NIK karibu, mkasi unamkata, na unaiondoa sehemu ileile ambayo TRAF3 huwa anamshikia, kwa hiyo NIK aliyebaki anafanya kazi vizuri ila hakamatiki tena. Haongozwi na bakteria, anajiongoza, ndo maana antibayotiki zinagonga ukuta.

Sasa dawa. Seli yenyewe ina njia yake ya kuwaondoa hawa vizuia kifo, ni protini inaitwa Smac, iligunduliwa mwaka 2000 na maabara mbili kwa wakati mmoja, ya Xiaodong Wang kule Marekani na ya David Vaux kule Australia ambako waliiita DIABLO. Inakaa kwenye mitokondria, vile vyumba vya kuzalisha nishati ndani ya seli, na seli ikiamua kufa inamwagwa nje na kwenda kujichomeka kwenye kishimo cha BIR. Kinachojichomeka ni asidi amino 4 tu za mwanzo, alanini, valini, prolini na isoleusini. Wanakemia wakasema kitu cha asidi amino 4 hiki tunaweza kukiiga, wakatengeneza dawa, birinapant, LCL161, xevinapant na nyingine. Lengo lilikuwa kumfanya XIAP aviachie visu. Dawa zilipojaribiwa kwenye seli, mwaka 2007 yakatoka matokeo yaliyoshangaza wengi, cIAP1 alikuwa anapotea kwa dakika chache tu. Kumbe cIAP1 kwa kawaida amejikunja, RING yake imefichwa, dawa ikiingia kwenye BIR ya tatu anakunjuka, RING yake inashikana na ya cIAP1 mwenzake, na anajipiga X mwenyewe. Hakuna aliyemtuma, anajibandika mnyororo wa 48 na proteasomu inamtafuna.

Hili nimeliona kwa macho yangu nikiwa masomoni. Unaweka dawa kwenye sahani za seli, unazivunja kwa nyakati tofauti, sifuri, dakika 5, 15, 30, saa 4, unazipitisha kwenye jeli, unahamishia kwenye karatasi maalumu, unaiwekea kingamwili inayomtambua cIAP1, afu unaingia chumba cha giza na filamu. Taa nyekundu, harufu ya dawa ya kusafishia picha, filamu unaizungusha kwenye beseni kwa vidole. Ikaanza kutokea. Sifuri, mstari mweusi mnene. Dakika 5, umekonda. Dakika 15, kivuli. Dakika 30, peupe kabisa, na chini yake mstari wa aktini tunaotumia kuhakikisha tumepakia kiasi sawa uko palepale mweusi wote. Kwenye sahani niliyotanguliza kemikali ya kuzuia proteasomu mstari haukupotea, na juu yake kulikuwa na ukungu unaopanda kama moshi, hizo ndo minyororo ya ubikwitini, X zimeshapigwa ila pipa limezibwa. Na karatasi ya pili ya saa 4, ya kumtafuta NIK, ambaye sifuri alikuwa hayupo, mstari wake ulikuwa umejaa.

Unaona mtego? Dawa imemwondoa cIAP, NIK kajaa, NF-kB imewaka, na mojawapo ya majeni yanayowashwa na NF-kB ni la TNF yenyewe. Seli inatengeneza TNF inaimwaga nje, TNF inarudi kugusa kipokezi chake, na wa kumfungia RIPK1 turubai hayupo. Seli inauawa na kemikali iliyoitengeneza yenyewe. Ila hiyo ni kwa seli zinazoweza kutengeneza TNF, na nyingi hazitengenezi ya kutosha, hizo unaziwekea dawa zinakutazama tu mpaka uongeze TNF kutoka nje.

Ndo maana kwa wagonjwa dawa hizi peke yake hazikufanya makubwa, watu wakaanza kuzichanganya na mionzi na dawa nyingine. Xevinapant ilitia moyo kweli, jaribio la wagonjwa 96 wa kansa za kichwa na shingo, wanaopata mionzi na dawa ya kansa inaitwa cisplatin, waliopewa xevinapant juu yake asilimia 54 kansa ilikuwa imedhibitiwa pale ilipoanzia baada ya miezi 18, waliopewa ya uongo ni asilimia 33. Ikapelekwa kwenye jaribio kubwa la wagonjwa zaidi ya 700. Juni 2024 likasimamishwa, takwimu zilionyesha haitafikia lengo. Nilisoma ile taarifa usiku, nikaisoma tena asubuhi.

Sababu za kansa kukwepa ni nyingi na nyingine zinatofautiana seli kwa seli, ila moja naweza kukuonyesha, maana ilikuwa kwenye filamu ile ile. cIAP1 kwa kawaida anampiga X hata mdogo wake cIAP2, ndo maana cIAP2 huwa mchache. Na jeni la cIAP2 ni mojawapo ya yanayowashwa na NF-kB. Dawa inawaondoa wote wawili mwanzoni, NF-kB inawaka, cIAP2 mpya anatengenezwa, na bila cIAP1 kuwepo dawa inashindwa kumfanya ajibomoe vizuri. Akirudi, anamfungia RIPK1 turubai kama kaka yake. Niliacha sahani moja mpaka saa 24, nikadhani ya ziada tu. Nilipoizungusha ile filamu kwenye beseni, upande wa cIAP1 palikuwa bado peupe, na upande wa cIAP2 mstari ukaanza kutokea taratibu, mwembamba, afu ukakolea.